Kumsomea Mwana kwa Sauti

Mtu mmoja katika wanaohudhuria darsa ametuuliza suali ambalo twaona litawafaa wengi, ndipo tukapenda kulijibu hapa kwa urefu badala ya kulijibu kwa maneno mawili baina ya magharibi na isha. Asema: "Nina mwana wa miaka tisa. Chuoni amemaliza juzuu nne, na skuli yuko Gredi ya 4. Ukimpa kitabu cha Kiswahili hukisoma mbio pasi na kukwama. Lakini ukimwambia, haya, nieleze ulichokisoma, hunyamaza akatazama chini. Mwalimu wake asema ni mvivu. Mimi naona si mvivu. Je, ana nini mwana huyu?"

Jawabu yetu ni kwamba mwana huyo hana uvivu wala hana ugonjwa. Anayo nusu ya kusoma, na nusu ya pili hajapewa. Na wa kumpa hiyo nusu ya pili si mwalimu peke yake, bali ni watu wa nyumbani kwake, kwa njia nyepesi ambayo wengi wetu twaidharau, nayo ni kuketi naye na kumsomea kitabu kwa sauti.

Kusoma, ndugu msomaji, ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kuzijua herufi na kuziunganisha hata zikawa neno. La pili ni kulifahamu neno lenyewe, na kuyafahamu maneno yaliyopangwa pamoja yakawa khabari. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Gough na Tunmer, walilieleza jambo hili kwa mfano mzuri. Walisema kwamba mambo haya mawili hayajumlishwi, bali hupigwa moja mara jingine. Basi tazama tofauti yake. Ukijumlisha kumi na sifuri wapata kumi, na mtu aweza kujipa moyo kwamba anacho kitu. Lakini kumi mara sifuri ni sifuri. Mtu aziunganishaye herufi kwa ufundi wote, asilifahamu hata neno moja, hana alichokisoma. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: mzee mwenye Kiswahili cha kina, mwenye kujua maana ya kila neno, lakini hazijui herufi, naye kitabu kwake kimefungwa.

Watu wa pwani twalijua jambo hili kuliko wengi, kwa sababu tumelilea wenyewe. Mwana wetu hupelekwa chuoni akiwa mdogo, akafunzwa alifu na be, akasoma Kurani kwa matamshi yaliyo sawa, hali ya kuwa lugha ya Kiarabu hana. Hatusemi haya kwa kukitia chuo aibu. Kisomo cha chuo kina makusudio yake: kunyoosha ulimi, kuhifadhi, na ibada ambayo msomaji ana thawabu zake japo maana hajaifikia. Makusudio hayo hufikiwa, na mwenye kukibeza chuo hakijui. Lakini kuna jambo moja ambalo hatukulitazama vizuri. Mwana yule hujifunza, pasi na mtu kumwambia, ya kwamba kusoma ndiko huku: kutoa sauti iliyo sawa na herufi zilizo mbele yako, na ukimaliza ukurasa umemaliza kazi. Kisha akipewa kitabu cha Kiswahili, ambacho ni lugha yake, hukisoma kwa desturi ile ile. Na akipewa cha Kiingereza huwa zaidi. Hajapata mtu wa kumwonyesha kwamba nyuma ya herufi zile kuna mtu anayesema naye.

Wala si wa pwani pekee wenye mashaka haya. Shirika la Uwezo, ambalo limekuwa likipima masomo ya watoto wa Kenya kwa miaka mingi, lilitoa taarifa mwaka 2021 ya kwamba katika kila watoto watano wa Gredi ya 4 ni kiasi cha wawili tu waliofikia kiwango cha kusoma na kufahamu kisomo cha Gredi ya 3. Hao watatu waliobaki hawakuwa watoto wasiokwenda skuli. Walikuwa madarasani, wamevaa sare, wamelipiwa wanacholipiwa.

Sasa yawezekana mzazi akasema: "Hiyo nusu ya pili, yaani lugha, mwanangu anayo. Kiswahili ndicho anachokisema tangu kulipokucha hata kuchwa. Akisomewa ataongezewa nini?" Hili ni suali la haki, na ndilo lililo kiini cha maneno yetu ya leo.

Sikiliza Kiswahili kinachosemwa nyumbani mchana kutwa. "Njoo ule. Umevaa viatu? Leta ile. Nani kaacha mlango wazi? Nenda dukani ukachukue unga." Ni Kiswahili safi, lakini ni kichache, kwa sababu kinasaidiwa na macho na mkono. Mama akisema "leta ile" huwa anaionyesha kwa kidevu, na mwana ameiona. Hapana haja ya kuitaja sufuria, wala kusema iko juu ya kitu gani au kando ya nani. Kitabu hakina kidevu. Kitabu hakiwezi kusema "ile". Hulazimika kutaja kila kitu kwa jina lake na kila tendo kwa neno lake, na kuunganisha jambo na jambo kwa maneno kama ilhali, ijapokuwa, kabla hajawahi, na mfano wa hayo, ambayo jikoni hayana kazi.

Chukua maneno haya, ambayo tumeyatunga sisi kwa mfano: "Nahodha alipoona wingu limetanda kusini, aliamrisha tanga lituliwe, na mabaharia wakashuka ngamani wakifua maji, kwani chombo kilikuwa kikienda mrama." Hapana neno hata moja hapo lisilokuwa Kiswahili cha babu zetu. Lakini mpe mwana wa leo wa Majengo au wa Kisauni, uone. Kutanda halijui. Kutua, kwake, ni ndege ya abiria kushuka uwanjani Moi. Ngama hajaiona. Na akifika penye "wakifua maji" ataona mabaharia wanafua nguo, akashangaa watu hawa wana akili gani, dhoruba inakuja nao wanafua! Basi mwana huyu ataisoma sentensi ile yote bila kukosea herufi moja, na akiulizwa aeleze, atatazama chini. Na mwalimu ataandika kwamba ni mvivu.

Jambo hili limepimwa kwa hesabu katika lugha ya Kiingereza. Mwaka 1988 Hayes na Ahrens walihesabu maneno yasiyo ya kawaida katika vitabu na katika mazungumzo. Katika vitabu vya watoto waliyakuta karibu 31 katika kila maneno 1000. Katika mazungumzo ya watu wazima waliosoma vyuo vikuu, wakizungumza na wenzao, waliyakuta karibu 17 tu. Hesabu ya Kiswahili yaweza kuwa nyingine, lakini njia ni moja: kitabu kidogo cha mtoto kina maneno adimu mengi kuliko mazungumzo ya baba yake msomi. Basi hata mtoto wa sheikh au wa wakili, akiachiwa mazungumzo matupu ya nyumbani, atakuwa na njaa ya maneno.

Na mtoto hawezi kuyapata maneno hayo kwa kujisomea mwenyewe akiwa mdogo, maana kusoma kwenyewe bado kwamwelemea. Akili yake yote iko katika herufi. Ndipo ikawa mlango wake ni sikio. Anapomsikia mtu mzima akisoma, mzigo wa herufi umechukuliwa na mwingine, naye amebaki na khabari peke yake. Wataalamu wamekuta kwamba ufahamu wa mtoto kwa kusikia hutangulia ufahamu wake kwa kusoma mpaka anapokaribia kubaleghe hivi. Kwa hivyo wakosea wale wanaosema, "Sasa ameshajua kusoma, ajisomee." Huyo ndiye wa kuendelea kusomewa, tena kwa vitabu vilivyo juu ya uwezo wake, na vile vilivyo sawa na uwezo wake ajisomee mwenyewe.

Katika New Zealand, Warwick Elley alitoa uchunguzi wake mwaka 1989 juu ya watoto wa miaka saba na minane waliosomewa hadithi darasani. Alikuta kwamba kwa kusomewa tu, pasi na kuelezwa neno, watoto walipata maneno mapya. Lakini pale mwalimu alipokuwa akisimama kidogo kulieleza neno, kwa neno jingine au kwa ishara au kwa kuonyesha picha, faida ilizidi maradufu na zaidi. Twaomba wazazi walitie jambo hili akilini, kwani ndilo linalotenganisha kumsomea mtoto na kumpigia mtoto kelele. Kazi ya "wakifua maji" yamalizika kwa neno moja: "Yaani wanayatoa maji chomboni, mwanangu, wanayamwaga nje." Kisha mwaendelea.

Ama namna ya kusoma, twapenda kukaa hapa kidogo, kwa sababu wengi hukosea hapa, wakaona mtoto amechoka wakasema hapendi vitabu.

Kwanza, mtoto na akae mahali anapoona kitabu. Asikae mbele yako kama mtu aliyekuja kushtakiwa. Mdogo akae mapajani au ubavuni, na kidole chako kipite chini ya maneno mara moja moja, apate kujua kwamba sauti yatoka pale na si katika picha. Soma polepole, na sauti uibadilishe: fisi asiseme kwa sauti ya sungura. Wazee wenye haya huona jambo hili la kitoto, nalo ni la kitoto kweli, na mtoto ndiye aliyekusudiwa.

Kisha, usimuulize "Umefahamu?" Suali hili halina faida hata kidogo, maana jawabu yake ni "Ee" siku zote, amefahamu asifahamu. Muulize jambo ambalo hawezi kulijibu kwa "ee". "Kwa nini nahodha alituliza tanga hali ya kuwa alikuwa na haraka?" "Lau ungekuwa wewe ungefanyaje?" "Waona atafika salama?" Na akijibu, jawabu yake iongeze neno, umrudishie. Akisema, "Aliogopa mawingu," mwambie, "Naam, aliogopa mawingu yaliyotanda, kwa sababu yaleta dhoruba." Hapo umempa maneno mawili bila ya kumkosoa.

Mwaka 1988 Whitehurst na wenzake walilijaribu hili katika New York. Wazazi wa watoto wadogo wa karibu miaka miwili na mitatu waligawanywa makundi mawili, wote wakawa wanawasomea watoto wao vitabu vya picha nyumbani. Kundi moja likafunzwa kuuliza masuali ya wazi, kuyaongeza maneno ya mtoto na kumwachia mtoto nafasi ya kusimulia. Kundi la pili likaendelea kwa desturi yao. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewapita wenzao katika vipimo vya kusema kwa kiasi cha miezi kadhaa. Vitabu ni vile vile na nyakati ni zile zile. Kilichozidi ni mazungumzo.

Na mtoto akitaka hadithi ya jana isomwe tena leo, na kesho tena, msikasirike. Mtu mzima huchoka na alilolijua. Mtoto hupata raha kwa kulijua. Mara ya kwanza alifuata kisa. Mara ya pili ndipo alipoyaona maneno. Mara ya tano atakukamata ukiruka mstari, na siku hiyo mshukuru Mungu, kwani amekwisha kujua kwamba kitabu kina maneno maalumu yasiyobadilika, tofauti na hadithi ya mdomo ambayo kila msimuliaji huikata apendavyo.

Umri wa kuanza ni upi? Wengi wadhani ni pale mtoto anapoanza skuli. Jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani ilitoa shauri mwaka 2014 kwamba wazazi wahimizwe kuwasomea watoto wao kwa sauti tangu wanapozaliwa. Mtu asicheke. Mwaka 1986 DeCasper na Spence walitoa uchunguzi wa wanawake wajawazito waliosoma kisomo kimoja kwa sauti kila siku katika wiki sita za mwisho za mimba. Watoto walipozaliwa, waliachiwa kuchagua, kwa namna ya kunyonya kwao, baina ya kisomo kile na kingine wasichokijua. Wakakipendelea kile walichokisikia tumboni. Mama zetu waliokuwa wakisoma Kurani kwa sauti na tumbo likiwa kubwa hawakuwa na khabari ya uchunguzi huu, lakini sikio la mtoto lilikuwapo. Hatudai kwamba mtoto wa siku tatu afahamu neno. Analoanza kulijua ni sauti ya mamake na mwendo wa lugha yake, na juu ya hayo ndipo maneno hujengwa.

Sasa tuwajibu wenye udhuru, nao ni watatu.

Wa kwanza asema hana wakati. Huyu twamwambia robo saa tu, baada ya isha, kabla ya kulala. Mwenye kutoka Kilindini usiku na mgongo unamuuma, basi na asome siku mbili katika wiki, na mama asome siku nyingine, na dada mkubwa awasomee wadogo zake, ambako dada mwenyewe hufaidika zaidi ya wote. Robo saa hiyo aghalabu imo ndani ya simu, kila mtu ajikague mwenyewe.

Wa pili asema hekaya ni uongo. Sungura hasemi, na fisi hana harusi. Vipi tuwazoeze watoto wetu uongo? Tumeyasikia maneno haya kwa watu wema, na twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Uongo ni kumwambia mtu jambo ili alisadiki, nalo silo. Mwenye kusimulia hekaya ya sungura hataki mtu asadiki kwamba sungura asema, wala mtoto wa miaka minne hasadiki. Mpeleke penye sungura uone kama atamwamkia. Ibn al-Muqaffa aliandika Kalila wa Dimna kwa Kiarabu katika karne ya 8, na wasemaji wake ni simba na ng'ombe na mbweha. Kitabu hicho kimesomwa na wanavyuoni na wafalme kwa miaka zaidi ya elfu, na mifano yake imeingia katika fasihi ya Kiarabu pasi na kuambiwa kwamba ni ya waongo. Hakika zimo hekaya mbovu, zenye matusi au zenye kumcheka kilema na maskini, na hizo mzazi aziweke kando. Ndiyo moja katika faida za kusoma pamoja: wajua kiingiacho kichwani mwa mwanao.

Wa tatu ndiye mwenye udhuru wa kweli, naye ni yule asiyejua kusoma. Katika nyumba nyingi huyu ni nyanya, na nyanya ndiye anayekaa na watoto hali wazazi wako kazini. Yeye hujiona hana lake katika jambo hili, na watu humwona hivyo. Basi asikilize khabari hii, maana ni ya nchi yetu hii hii ya Kenya. Mwaka 2020 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa vijijini katika Kenya ya magharibi. Wazazi na walezi walipewa vitabu vya picha vilivyotungwa kwa mambo ya kwao na kwa lugha yao, Kijaluo, na baadhi yao wakafunzwa jinsi ya kuzungumza na mtoto juu ya kitabu. Watoto ambao walezi wao walifunzwa waliyapata maneno yaliyokuwamo vitabuni zaidi ya wenzao. Na ajabu ni hii: watoto wa walezi wasiojua kusoma hawakufaidika kidogo kuliko watoto wa walezi wanaojua. Yule asiyejua herufi alikifungua kitabu, akaonyesha picha, akauliza, akasimulia, na mtoto akajibu. Basi nyanya na apewe kitabu cha picha mkononi. Huenda yeye ndiye pekee nyumbani anayejua ngama ni nini, na baba mtu aliyesoma hajui.

Na hapa twapenda kuongeza kwamba kusomeana kwa sauti si jambo geni lililotujia kwa meli. Katika hadithi sahihi imepokewa kwamba Jibrili alikuwa akidurusu Kurani pamoja na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, kila Ramadhani, na mwaka wake wa mwisho wakadurusu mara mbili. Na katika pwani hii tenzi zetu zilitungwa zipate kusikiwa. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi wake mnamo mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, miaka kama miwili kabla hajafa. Utendi ule ulitoka katika nyumba ile ukanakiliwa na kughaniwa na wanawake wa nyumba nyingine, mama akimsikizisha binti. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alipoona watoto wa Kiswahili hawana kitabu cha dini wanachokifahamu, aliwaandikia Hidayatul Atfal kwa lugha yao. Wazee hawa walijua kwamba mtoto hulelewa kwa maneno anayoyafahamu. Jambo lililokatika ni desturi ya jioni, na lililokuja mahali pake ni televisheni, ambayo husema lakini haisubiri jawabu.

Mtu atauliza vitabu viko wapi, na bei ya vitabu twaijua. Kwanza, si lazima kiwe kipya kila wiki. Tumekwisha kusema kwamba mtoto ataka kile kile. Vitabu vitatu katika nyumba vyatosha kwa kuanzia, na nyumba nne za mtaa mmoja wakibadilishana wana vitabu kumi na viwili. Kipande cha Taifa Leo chafaa kwa mwana mkubwa. Na hiyo simu tuliyoilaumu hapo juu ina kheri yake: tangu mwaka 2014 uko mkusanyo uitwao African Storybook, ambao hutoa hadithi za picha bure kwa lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Si kila hadithi iliyomo ni nzuri, na Kiswahili cha baadhi yake kina makosa. Mzazi asome mwenyewe kwanza. Lakini mwenye simu hana tena haki ya kusema hana kitabu.

Turudi kwa ndugu yetu mwenye suali. Mwanao wa miaka tisa usimwambie kwamba unamtibu. Chagua kitabu chenye kisa cha kuvuta, kilicho juu kidogo ya darasa lake, na kwa wiki ya kwanza soma wewe peke yako, usimuulize lolote isipokuwa akuulize yeye. Mtoto aliyekwisha kuitwa mvivu huogopa masuali, aona kila suali ni mtego. Wiki ya pili anza kusimama penye neno gumu ukalieleza, na penye jambo la kushangaza ukashangaa. Mwachie kimya kidogo. Kimya hicho ndicho kitakachomfanya aseme. Akijibu visivyo, usimpige wala usimcheke, rudini nyuma mistari miwili muitazame pamoja. Ikifika wiki ya tatu au ya nne, mpe asome yeye ukurasa mmoja na wewe mmoja, na kila akimaliza wake mwambie akusimulie wewe, kwamba hukusikia vizuri. Usihesabu makosa ya herufi siku hizo, hayo anayaweza. Na kama kitabu kimewachosha nyote wawili baada ya kurasa tano, kirudisheni mlikokitoa, mkatafute kingine.